Kikonyo cha Isale

Kijiwe cha Yassin, fundi baiskeli, kiko nyuma ya soko la Moshi: benchi moja, birika la kahawa na wabishi wa kudumu. Asubuhi hiyo Mzee Sifael, waliyembandika jina la Kamusi kwa kusahihisha majina ya watu na vitu, alikuja na kitabu kipya cha mimea ya mlimani. Alisoma ukurasa mmoja akaganda, kikombe hakijafika mdomoni.

— Kamusi, umeona nyoka? aliuliza Yassin.

— Nimeona isale.

— Si lile jani mnaloombea msamaha nyinyi Wachagga? Ukiletewa, huna ruhusa ya kukataa.

— Ndilo. Kitabu kinasema jani la isale halina kikonyo, limekaa kwenye shina moja kwa moja. Lenye kikonyo ni la mapambo, asili yake mbali huko. Yanafanana tu.

Godwin wa bajaji, aitwaye Breki, alicheka.

— Sasa hapo wewe kinakuuma nini?

Mzee alivua miwani.

— Lile nililompelekea kaka yangu Aikaeli nililinunua kwenye bustani ya miche hapa mjini. Lilikuwa na kikonyo. Nililishikia hapo hapo.

Kisa benchi zima walikijua: ndugu wawili wa Marangu, ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, kususiana hata misibani, kisha isale lile na mbuzi wa kupatana, na tangu hapo kila Krismasi wanakula pamoja.

— Yarabi! Yassin alisema. — Basi msamaha wenyewe feki!

— Na mbuzi je? Breki alidakia. — Kafa bure yule!

— Kesi ya mpaka inafufuka, Kamusi. Tafuta wakili.

— Ngoja kwanza! Breki alishtuka. — Mimi nilimpelekea baba mkwe jani la bustani hiyo hiyo. Ina maana ndoa yangu iko hewani? Watoto wangu ni wa nani?

— Wa bustani.

Mzee hakucheka. Kahawa ilikuwa ikimwagikia suruali, naye hana habari.

— Nikimwambia, tunarudi kulekule. Nisipomwambia, Krismasi nitakula nini mimi? Nitakula uongo.

Hapo akafika Amne, mke wa Yassin, na sinia la kashata. Alikuwa ameyasikia ya mwisho mwisho.

— Shikamoo, mzee. Kwani huyo kaka yako anakaa mjini?

— Marahaba. Hajawahi kuhama Marangu. Mpaka wake wote umepandwa masale.

— Kwa hiyo anayaona kila siku?

— Kila siku.

— Sasa ulipompa lile, kikonyo hakukiona?

Yassin alimtazama Breki. Breki akaitazama bajaji yake.

— Kamusi, jibu basi.

Mzee alimwona tena Aikaeli pale mlangoni, akilipokea jani kwa mikono miwili, akipitisha kidole gumba kwenye kikonyo, taratibu, kwenda na kurudi. Aikaeli aliguna kidogo. Kisha akageuka, akampazia mkewe sauti:

— Ongeza sahani.