Sabuni Yetu Bado Haijakomaa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Viongozi wa soko. Na nyie majirani zetu wakaanga samaki, ambao bila mafuta yenu machafu leo tusingekuwa na la kusema:

Karibu

Tunakupokea kwa mikono miwili, tena misafi, ukitaka inuse. Karibu katika chumba hiki cha zamani cha kufulia. Pole kwa mlango mfupi. Sisi tunaupenda, maana kila mkubwa anayekuja kututembelea huingia ameinama.

Tulikotoka

Wakaanga samaki walipokatazwa kumwaga mafuta mtaroni, tuliyaomba. Mkwe wa mwenyekiti wetu, fundi wa maabara, akatufundisha kuyachanganya na kostiki, soda ile inayounguza, mpaka yageuke sabuni. Tukafurahi, tukasahau kuyasafisha kwanza. Mwenzetu mmoja akaogea ile sabuni, akaenda harusini akisindikizwa na paka wa mtaa mzima. Akarudi anatuambia, "Jamani, hata bwana harusi hakupata msafara kama wangu!" Tangu hapo mafuta tunayachemsha na maji ya chumvi, tunayachuja, ndipo tunayapika.

Tulichopata

Wifi yetu mtunza stoo ni mkono wa birika. Siku moja alipunja kostiki, eti anabana matumizi. Sabuni ikatoka laini ajabu! Kumbe mafuta kidogo yalibaki bila kugeuka, yakawa yanalinda ngozi. Sasa tunapunja makusudi, kwa mizani, na wauguzi wa zahanati hawataki nyingine. Wifi naye anatembea kama aliyegundua umeme.

Kabla ya kuuza, mmoja wetu hugusa kila pishi kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, kostiki bado imo, haiuzwi. Kazi hiyo tumempa msemaji wetu mkubwa, angalau tupate dakika ya utulivu.

Kinachotukwaza

Juzi tumekuta tangazo mlangoni: tuhame mwisho wa mwezi, humu viwekwe viti vibovu vya ofisi yako. Viti hatuna ugomvi navyo. Ila sabuni ikishakatwa hulala rafuni wiki nne, penye kivuli na hewa, ndipo hukomaa. Hizi unazoziona zimelazwa jana. Tukizitoa juani zitapinda, zitapasuka, na sisi tutarudi vibarazani kuchambua watu, viongozi mkiwemo.

Ombi

Pesa hatuombi. Hata rangi ya ukuta hatuombi. Tunaomba chumba hiki tu, kwa barua yenye mhuri.

Zawadi yako ipo, Mheshimiwa: mche ule wa sabuni wa rafu ya juu, wenye alama. Leo hatukupi, bado unauma. Uje mwenyewe kuuchukua ukikomaa, humu humu. Ukikuta viti, tafadhali viulize vimeuweka wapi.

Mungu akujalie afya, nyumba yenye vicheko, na mkono mwepesi wa kusaini.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Mafuta Hayamwagwi