Mama Maji: Historia ya Mpimaji wa Maabara

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mama Maji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma ya duka lao, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari, na mwaka 1978 akahitimu chuo cha maabara.

Januari 1979 aliajiriwa hospitali ya wilaya, katika chumba kile cha dirisha moja kinachopakana na kliniki ya wajawazito, akatumika hapo hadi alipostaafu mwaka 2017. Mwaka 1981 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, aliyemtangulia mwaka 1999, wakajaliwa binti na mvulana.

Hapa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Agosti 2004 binti yake, akiwa na mtoto mgongoni, alifika maabara akitapika na kutokwa na damu kidogo kidogo, akasema, "Mama, nahisi nina mimba," marehemu akampima mkojo kwa mkono wake, ukatoka mstari mmoja tu, akamwambia, "Huna kitu, mwanangu, nenda kapumzike." Binti alikwenda. Kumbe alikuwa na mimba zabibu, ile inayoota vifuko badala ya mtoto na kuujaza mwili homoni ya mimba kupita kiasi, na zile kingamwili za kwenye kipimo, ambazo kazi yake ni kuinasa homoni hiyo, zililemewa na wingi wake, mstari wa pili ukashindwa kujichora. Mkojo ule ungezimuliwa kwa maji, ungesema kweli. Binti alivuja damu, akafariki tarehe 2 Septemba kwenye korido, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

Tangu hapo, kila mgonjwa ambaye maelezo yake yalipingana na kipimo, marehemu aliuzimua mkojo wake akapima upya, na wenzake wakamtania, "Mama Maji, leo tena umeongeza mchuzi?" naye akacheka nao, asiwaambie.

Mjukuu aliyeachwa alimlea yeye, akamsomesha hadi akamaliza shule ya msingi. Mwaka 2023 mjukuu huyo alipochelewa siku zake, bibi alikataa katakata kumpima, akasema, "Tafuta mwingine, mimi nilishamuua mama yako." Mjukuu alikaa tu kwenye benchi la jikoni na kichupa chake mkononi, mpaka bibi alipokipokea, akapima mkojo ulivyo, akauzimua akapima tena, mistari ikawa miwili mara zote, akakaa sakafuni akalia kwa sauti.

Novemba 2024 figo zake zilianza kushindwa, na tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, alikata roho nyumbani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliombeba hadi barabarani kila siku ya kliniki, na wenzake wa maabara, ambao leo wameijua sababu ya jina walilompa.

Ameacha mtoto mmoja, mjukuu mmoja na kitukuu wa kike, aliyerithi jina la binti yule. Pumzika kwa amani, Mama Maji, yule aliyekaa kwenye benchi hakuwahi kuwa na kinyongo nawe.