Paa la Shemeji

Vilio vya vifaranga vilisikika kutoka ndani ya boksi kabla kinyozi hajamwona mwenye nao. Alikuwa mama mmoja aliyeketi mbele yake ndani ya basi, akimsimulia jirani yake wa kiti, muuza jenereta ambaye ndiyo kwanza amekutana naye.

“Umeme ukikatika, mashine yangu ya kutotoleshea inazima na mayai yanakuwa viza. Serikali inatoa ruzuku, inalipa nusu ya paneli za jua, ila mwenye paa akubali. Na paa ni la shemeji yangu.”

“Kakataa?”

“Anasema nikishapanda juu, kesho nitadai na nyumba. Na leo jioni ndiyo mwisho wa kuomba.”

“Dada, achana naye. Nunua jenereta, ukihama unaibeba.”

“Na mafuta utanijazia wewe, kaka?”

Kinyozi alicheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Biashara ni biashara, lakini muuza jenereta alikuwa ameshikwa pabaya.

“Hata hivyo shemeji ana haki,” muuza jenereta akang’ang’ania. “Ukimpa mtu ukuta aegemee, kesho atataka mlango.”

“Mimi nimezaa watatu chini ya paa hilo, wote damu ya baba yake shemeji!”

Basi lilipunguza mwendo. Mama akapiga simu, akasimama na boksi lake kwapani.

“Shemeji, paneli zangu, paa lako. Siku nikiondoka nitaziba kila tundu la msumari kwa mkono wangu, wewe ukiniangalia. Naahidi, na shahidi ni basi zima.”