Norbert Wilondja, Aliyejifunza Kihispania ili Florentine Arudi

Baba padri, bamama na bababa wa Baraka, mimi ni Casimir, mudogo wake marehemu, na familia imenituma niwasimulie maisha ya kaka yangu.

Norbert Wilondja alizaliwa Lubondja tarehe 6 Juni 1914, akasoma shule ya misioni hapa Baraka kuanzia mwaka 1923 hadi 1930, kisha akawa karani kwenye ofisi ya pamba, alikodumu miaka ishirini na saba bila kusikika akimfokea mkulima hata mmoja. Tarehe 12 Agosti 1933 alifunga ndoa na shemeji yetu Adolphine wa Kilembwe, Mungu akawajalia watoto wanne, watatu tukawazika wangali wadogo, akabaki Florentine peke yake.

Florentine alikuwa akiwasaidia bamasera, wale watawa wa Kihispania, kwenye zahanati, akaomba awe masera naye, na Septemba 1954 akapelekwa kwenye nyumba yao kule Hispania. Mwaka uliofuata macho ya Adolphine yalianza kufifia, naye akawa na ombi moja tu, amwone mtoto wake kabla giza halijafunga. Kaka aliandika barua mbili kwa Kifaransa, hazikujibiwa, mpaka Masera Remedios wa zahanati alipomweleza kwamba mkubwa wa nyumba ile hajui Kifaransa, ndipo mtu wa miaka arobaini na moja akaanza kujifunza Kihispania, kila Jumamosi, barazani pa zahanati.

Alikwama kwenye kitenzi regresar, yaani kurudi. Aliandika regresó, masera akamwambia, "Norbert, hapo umesema Florentine amesharudi," kaka akaweka kalamu chini, na baadaye aliniambia kwamba alitamani kuliacha neno lile jinsi lilivyo. Masera akamfundisha kwamba jambo unalolitamani nalo bado halijawa lina umbo lake, unachukua regresaron, walirudi, unaondoa ron, unatia ra, na wiki nzima tulimsikia uani, regresara, regresaras, regresara, regresáramos, regresarais, regresaran, hata Adolphine akamuuliza, "Baba Florentine, hilo neno ndilo litaleta mutoto?" naye akajibu, "Neno haliwezi, mama, lakini barua iko inafika kule mi siwezi kufika."

Barua iliondoka tarehe 4 Novemba 1957. Januari miguu ya kaka ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa, na Alhamisi tarehe 27 Februari jibu likafika, Florentine ameruhusiwa kuja Julai. Alimsomea mke wake mara mbili, kisha akasema polepole, "Julai iko mbali." Aliaga dunia jana, Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru daktari na bamasera waliomuuguza, majirani waliopika na kukesha nasi, na makarani wenzake waliobeba jeneza.

Kaka, Adolphine bado anaona kidogo, tutamshika mkono mpaka Julai. Lala kwa amani ya Bwana.