Nyimbo Hizi Haziendi kwa Mrithi

Fungeni mlango wa uani, na feni izimeni, inanipokonya hii pumzi kidogo niliyobaki nayo. Samiha, kaa hapa kichwani pangu. Nasra, mkwe wangu, vuta mkeka uje karibu, leo hukai jikoni. Sabiri, nakuona umesimama kizingitini na funguo za gari mkononi. Sikulazimishi kukaa, ila usitoke mpaka nimalize, maana nikishamaliza sidhani kama nitaanza tena. Bwana Mustansir, jirani yangu wa dukani, na Mzee Jumbe, jirani yangu wa msikitini, ndio mashahidi, na nimewaita wawili ili kesho asije mmoja wenu akasema baba alisema, na mwingine akasema hakusema. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na akili zangu ninazo, naanza.

Kwanza yale yasiyo na mjadala. Nyumba hii ya Makorora na minazi ya Ushongo ni mirathi, na mirathi kaigawa Mungu mwenyewe, mimi sina mdomo hapo. Sabiri ana fungu lake, Samiha ana fungu lake, shehe atakuja kuwapigia hesabu. Msigombane kwa minazi, wanangu, kwa kuwa ya upande wa pwani imezeeka na ya upande wa bara haijazaa, na mkigombana mtakuwa mnagombania makuti. Deni la mtu sina, isipokuwa mama mmoja wa Valparaíso, huko Chile, anayenidai wimbo tangu mwezi wa Rajabu, na hilo nitalifikia.

Lakini najua hamkuja kwa minazi. Mmekuja kwa chumba cha mbele, chenye kanda zangu na santuri zangu, na kwa simu hii hapa chini ya mto, yenye Kikao cha Jumapili. Tangu Sabiri aape kiapo chake, ninyi wawili hamjala sinia moja. Mnapishana kwenye korido hii mkija kuniuguza kama watu waliokutana ofisini. Mnadhani kwa kuwa macho yangu yamefifia sioni. Nasikia, na kusikia ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Watu wa mji huu wanasema Mwinyijuma alikuwa fundi redio. Redio zilikuwa kisingizio. Enzi zile meli za mkonge zikitia nanga, mabaharia walinijia na redio zao mbovu, nami nawatengenezea bure kwa sharti moja, kwamba waniachie wimbo wa kwao, na mimi niwape wa kwetu. Siuzi, sinunui, nabadilisha. Hivyo ndivyo nilivyowapata wale wazee wa milima ya Georgia wanaoimba kwa sauti tatu bila ngoma wala zumari, ukiwasikia unadhani wanabeba nyumba mabegani. Nikaipata bendi ya vijana wa mtoni huko Peru, magitaa yao yanafukuzana kama kuku uani, na yule mpiga kinanda wa Addis Ababa ambaye Mzee Jumbe hadi leo anabisha kwamba kinanda chake kilikuwa kibovu. Hakikuwa kibovu, Jumbe. Ndivyo kilivyo, na ndio utamu wake.

Nikapata pia nyimbo mbaya, msidhani. Kuna bendi moja ya Ubelgiji niliivumilia mwaka mzima nikitumaini nitaielewa. Sikuielewa, na bado nikawapigia watu, nikawaambia, sikilizeni, huenda ninyi mtasikia nisichosikia mimi. Kushirikiana ndiko huko. Unampa mwenzio ulichokiokota, halafu unanyamaza kimya umwache asikie kwa masikio yake.

Nilipoacha kazi nikafungua Kikao kwenye simu. Kila Jumapili baada ya alasiri natuma wimbo mmoja, na kwa sauti yangu naeleza ni wa nani, wametoka wapi, na mtu atege sikio mahali gani. Tulianza watu wa Tanga na Pangani tu, wakaja wa Mombasa na Muscat, akaja mwalimu wa Bamako, akaja huyo mama wa Valparaíso ambaye anauza samaki na ana masikio makali kuliko yangu. Wewe Sabiri ulikuwemo. Wewe Samiha ulikuwemo. Ilikuwa sehemu pekee ambapo familia hii ilikuwa inazungumza kila wiki bila kununa.

Mpaka ile Jumapili alipoingia yule bwana wa Surabaya. Alituma wimbo akasema ameutoa katika kanda ya marehemu baba yake, baharia, na kwenye kanda pameandikwa neno moja tu, Tanga, na amekuwa akiuliza watu miaka na miaka huyu mwanamke anayeimba ni nani. Nikabonyeza. Nikamsikia mama yenu.

Mwanamkasi wangu. Na tari lake, na wenzake wa Pangani wakimwitikia, kabla hajawa hajati, kabla hajawa mama wa mtu yeyote isipokuwa wako, Sabiri. Nililia mpaka Nasra akaja mbio akidhani nimeanguka. Sikuwa nimesikia sauti ile tangu alipofariki, na kwa kweli tangu aliporudi Makka na kuliweka tari juu ya kabati.

Sasa nisikilize, mwanangu wa kwanza. Najua kwa nini ulikasirika, wala sikucheki. Unamuogopea mama yako. Uliniambia kila unapochezwa wimbo ule mama anasumbuliwa kaburini, na kwamba mimi ndiye ninayemsumbua kwa kuuacha mle ndani ya Kikao. Nikakujibu siufuti. Ndipo ukasema mbele ya mkeo na dada yako, 'Wallahi, kama sauti ya mama yangu haikutoka humo, mimi sitaingia kaburini kukupokea.' Ukaondoka. Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo, na kwa kuwa tunasema ukweli, yameniuma kuliko hili gonjwa.

Mimi si mwanachuoni, sijui yanayopita kaburini. Nilimwuliza imamu wako mwenyewe, akaniambia wanazuoni wamekhitilafiana, na aliyeacha jambo kwa ajili ya Mola wake tunamtarajia kheri. Hiyo ni ya imamu. Mimi nina ya mama yako mwenyewe, na sikuisema mapema kwa sababu kila mmoja wenu angeichukua nusu akaenda kumpigia mwenzake.

Alipokuwa anaumwa, kitandani hapahapa, nilimwuliza, 'Mwanamkasi, zile kanda zako nizifute?' Akafikiri sana, si mtu wa kukurupuka. Akasema, 'Ulizonazo wewe zifunike. Nilizozitoa nilizitoa, si zangu tena.' Na ile ya Surabaya aliitoa yeye, kwa mkono wake, pale dukani, mimi nikiwa nimeshika bisibisi. Yule baharia alituletea wimbo wa vinanda vya kwao, mama yenu akaupenda, akasema mtu hapewi kitu kama kile akarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo nahukumu hivi, na mashahidi sikieni. Kanda zake zilizomo chumba cha mbele zitafungwa katika kitambaa na hazitapigwa na mtu. Wimbo wa Surabaya utabaki ulipo, maana si wetu kuufuta. Samiha, usinyanyue kidevu, nawe nakuja kwako. Uliuchukua wimbo ule ukauweka uwe mlio wa simu yako, ukaugawa kwa wapiga muziki wa harusi kutoka hapa mpaka Pangani, si kwa mapenzi, kwa kumkomoa kaka yako. Ulimfanya mama yako fimbo. Utawapigia hao watu mmoja mmoja uwaombe wauondoe, na mlio wa simu yako utaubadilisha kabla hujatoka chumba hiki. Naam, sasa hivi. Haya, ahsante.

Nipe maji, Nasra. Kidogo tu.

Kitu kimoja zaidi, Sabiri, kisha sikurejei tena. Wimbo ule hukuusikiliza hadi mwisho. Ulitoka mwanzoni. Mwishoni kuna mtoto analia nyuma ya matari, analia kwa nguvu, na wenzake mama yako wanaendelea kuitikia, lakini yeye anaacha. Anasema, 'Nipeni mwanangu.' Na hapo kanda inakatika. Mtoto huyo ni wewe. Sikuambii ukausikilize, kama moyo wako unakataa, acha. Nilitaka tu ujue kwamba umo humo ndani.

Sasa chumba cha mbele. Kila mmoja wenu amekuwa akingoja nimtaje. Samiha anataka azipige kanda kila siku. Sabiri anataka azifungie zote, za Georgia na za Peru pia. Hampati hata mmoja, na si kwa hasira. Sheria yetu inanipa theluthi tu ya kuusia, na wosia hauendi kwa mrithi. Ninyi ni warithi wangu. Nyimbo hizi haziendi kwenu.

Zinakwenda kwa Nasra.

Tulia, Sabiri. Mke wa mwana hanirithi, hana fungu, kwa hiyo namuusia kwa haki. Kanda, santuri, redio ile kubwa, simu hii na laini yake. Mnauliza kwa nini. Kwa sababu macho yalipoanza kufifia ni yeye aliyekuja kila alasiri kunisomea wanayoandika watu, akawa anawajibu, akaanza kutafuta mwenyewe. Siku moja akaniletea bendi ya Mongolia, wanaume wanaoimba kutoka kooni, sauti mbili katika koo moja, na mimi Mwinyijuma niliyejisifu nimesikia dunia nzima nilikuwa sijawahi kuwasikia. Nilimwonea wivu, nikanuna mpaka asubuhi. Halafu nikajua Kikao kimeshapata mwenyewe. Mtu anayepiga zile za zamani tu hajui kazi hii, na anayefunga mlango hajui zaidi.

Kukubali wosia kisheria ni baada ya mimi kufa, lakini nataka nikusikie ningali na masikio. Nasra, unakubali?

Usimtazame mumeo. Nimekuuliza wewe.

Sema kwa sauti, mashahidi wasikie. Umesema nini? 'Nakubali, baba, lakini sitafanya kwa kujificha.' Basi. Hilo la mwisho ni bora kuliko la kwanza. Mzee Jumbe, umesikia. Bwana Mustansir, umesikia.

Nawe Sabiri usimwadhibu mkeo kwa neno langu. Ukiwa na hasira ije kwangu, na mimi nitakuwa mbali, haitanifika. Miaka yote hii amekupikia, amekutunza, hakukuficha kitu. Haki ya kumnyima masikio yake hukupewa.

Pumzi inakwisha. Ngojeni.

Mazishi. Nizikwe Pangani karibu na mama yenu, ng'ambo ya mto. Kwenye kivuko msiache watu wapige kelele. Jumapili itakayofuata, Nasra, usitume wimbo wa kunililia, sitaki. Tuma ambao mimi sijapata kuusikia. Mwulize yule mama wa Valparaíso, mwambie ndiyo nimemlipa, yeye achague... hapana, nimekosea, anayedaiwa ni mimi. Wewe umchagulie. Mtafutie kitu cha Kidigo, chenye ngoma. Atafurahi.

Sabiri. Sogea.

Kiapo chako. Uliapa kwa jina la Mungu, nami sitakuambia ukivunje hivihivi. Lakini mtu akiapa kisha akaona lililo bora, hufanya lililo bora na kutoa kafara. Unajua hayo kuliko mimi. Masikini kumi, kibaba kimoja cha mchele kila mtu. Na kafara ya chakula huweza kutolewa kabla kiapo hakijavunjwa.

Barazani kuna watu kumi wamekaa. Mzee Jumbe kawaita. Na hapo chini ya kitanda, vuta hilo kapu, mna vifuko kumi. Mchele umetoka katika gunia lako mwenyewe, Nasra aliuchota, na kama huridhii, mwambie aurudishe. Aliyeupima kibaba kwa kibaba ni dada yako. Nilimwambia ni sadaka. Ndiyo kwanza anajua alikuwa anampimia nani. Usilie, Samiha. Ulipima vizuri.

Mimi siwezi kukuwekea nia, mwanangu. Hakuna awezaye. Uchukue, au uuache. Ukiuacha, nitapokelewa na mikono ya watu wengine, na radhi yangu utakuwa nayo vilevile, nakuambia mbele ya mashahidi, sikufungi kwa radhi. Ila ningependa uwe wewe. Nataka mikono ninayoijua ndiyo ifungue kamba za sanda. Naogopa, Sabiri. Nimekuwa najifanya siogopi.

Mungu awape masikio yanayosikia. Awape nyumba isiyo na watu wanaopishana kimya. Akuhifadhi, Samiha, na ulimi wako huo. Akupe nguvu, Nasra. Akuongoze, Sabiri, na usiku wa mama yako uwe mwepesi, na wangu.

Nimemaliza. Nani anasogeza kapu?

Nani huyo... sioni.

Samiha. Mfungulie kaka yako mlango, mikono yake imejaa.