Ottokar Sedlak, Mkaguzi wa Tramu Aliyeshika Mkono Usio Wake

Marehemu Ottokar Sedlak alizaliwa tarehe 9 Mei 1941 mtaani Ottakring, hapa Vienna, mtoto wa pili wa fundi mapipa ya bia. Wa kwanza alikuwa dada yake Hermine, aliyemfundisha kutembea na hakuacha kumwelekeza njia.

Alisoma papo hapo Ottakring hadi mwaka 1955. Ripoti zake zilisifu nidhamu. Kuhusu akili, walimu walinyamaza kwa upole.

Mwaka 1959 aliajiriwa kwenye tramu za jiji, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa tiketi, kazi aliyoifanya bila upendeleo mpaka alipostaafu mwaka 2001. Aliwahi kumshusha padri aliyembatiza, tena mvua ikinyesha. Tangu mama yao alipofariki mwaka 1968 aliishi na Hermine katika vyumba viwili, akala alichopikiwa.

Jumanne tarehe 21 Januari 2003 ndugu hawa walikwenda kuona vipepeo wa nchi za joto katika jumba la vioo la bustani ya zamani ya kifalme. Nje barafu, ndani jasho. Miwani ya marehemu ikashika ukungu mlangoni. Akashika mkono uliokuwa karibu, na lile joto likamfungua moyo.

"Mina, dada yangu, nisamehe, lakini supu yako ya maini imenishinda. Miaka thelathini na tano naimeza kama dawa!"

"Pole, bwana," ikajibu sauti ngeni. "Ila mwenye supu nadhani ndiye huyo nyuma yako, maana amevimba."

"Haya, Otti!" Hermine akafoka. "Nenda basi kaishi na huyo, akupikie yeye!"

Marehemu, aliyezoea kumtii dada yake, alitii. Mwenye mkono alikuwa Rosalia Pichler, mjane na mkunga mstaafu. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni mwaka huohuo. Hermine hakuhudhuria. Kila Jumanne wanandoa hawa walirudi kwa vipepeo, na kila Jumatatu marehemu alimpigia dada yake simu kumkaribisha. Kwa miaka kumi na sita, Hermine alikata simu.

Vuli ya mwaka 2018 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Alimwambia mkewe, "Kufa siogopi, Rosalia. Naogopa kufa Mina akiwa amenuna." Rosalia hakupiga simu. Alikwenda Ottakring kwa Hermine, akagonga mlango mpaka ukafunguliwa.

Jumanne tarehe 12 Februari 2019 wakaingia kwa vipepeo wote watatu, marehemu akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kipepeo wa buluu alikuwa akifyonza ndizi iliyooza. Hermine akamtazama kipepeo huyo.

"Dada, nilikukosea," marehemu akasema.

"Ulinikosea nini? Supu ilikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nilikuwa naimwaga ukienda kunawa."

"Sasa ulikuwa unaipikia nini?"

"Si nilidhani unaipenda, we zuzu!"

Walicheka, kisha wakalia, hata mlinzi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Alifariki Alhamisi tarehe 28 Februari, saa nne asubuhi, mkewe upande huu, dada yake upande ule.

Ameacha mjane, Rosalia, na dada, Hermine, ambao tangu Jumapili wanakaa nyumba moja na tayari wamegombania dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Pumzika, Ottokar. Mungu akutunze huko. Hawa wawili tuachie sisi.