Usiguse: Miaka Thelathini na Minne Mbele ya Boneti

Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, karakana yetu ya magari ya hospitali itaagana na fundi aliyeitumikia kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Uongozi umemwandalia keki, hotuba ya dakika arobaini na saa ya ukutani, zawadi inayomfaa sana mtu ambaye kuanzia Jumatatu hatakuwa na haja ya kujua ni saa ngapi.

Jina lake halisi limeandikwa kwenye cheti. Hapa karakanani tunamwita Usiguse, na hata mkewe akipiga simu ya ofisini huomba kuzungumza na Usiguse.

Aliajiriwa kuosha magari. Mwaka wa tatu akapewa bisibisi na kupelekwa kwenye kabureta, na huko ndiko alikojulikana kuwa anaisikia injini kama mama anavyomsikia mtoto aliyelala chumba cha pili. Aligeuza skrubu robo mzunguko, akainamisha kichwa, akarudisha nusu ya ile robo, akaenda zake. Wengine wetu tuligeuza skrubu hiyo hiyo asubuhi nzima na gari likatoka likikohoa.

Kisha yakaja magari yenye kompyuta. Uongozi ulichagua watu sita wa kwenda kwenye semina ya siku tatu, na kwa kuwa semina ilihusu injini, walikwenda maofisa watano na dereva wa kuwapeleka. Usiguse alibaki kazini. Akachukua kile kijitabu kinachokaa kwenye kisanduku cha dashibodi, ambacho sisi tulikuwa tukichana kurasa zake kufutia mikono, akakisoma chote kwa miezi minne, kamusi ikiwa pembeni. Kurasa zilizokosekana alikwenda kuziomba, kwa heshima zote, kwa waliozichana.

Humo ndimo alimojifunza jambo ambalo limemletea sifa kidogo na matatizo mengi. Ukichomoa betri, kompyuta ya gari husahau. Husahau hasa ile hewa kidogo inayotakiwa kuingia kwenye injini wakati gari limesimama na mguu haupo kwenye pedali. Ukirudisha betri na kuwasha, injini hutetemeka, mngurumo hupanda na kushuka, na ukifika njia panda na kupunguza mwendo, gari hukuzimikia mbele ya watu. Hakuna kilichoharibika. Kompyuta inahitaji tu kuachwa ijifunze upya.

Dawa yake ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Alizima redio, taa na kiyoyozi, akawasha gari na kuliacha lipate moto. Kisha dakika kumi likiwa nyutro, dakika kumi nyingine kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na baada ya hapo mzunguko wa polepole uani. Katika dakika hizo ishirini hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga mafuta, kwa sababu kila anayekanyaga anaivuruga kompyuta. Ili kuhakikisha hilo, Usiguse alivuta kigoda akakaa mbele ya boneti na kikombe cha chai. Kikombe hicho, pamoja na kisahani na kijiko, alikiweka juu ya boneti, kijiko kikalia kwa kugonga kikombe. Kila aliyesogea na mkono wenye hamu ya kusaidia aliambiwa maneno yale yale: "Usiguse, ndugu yangu, inajikumbusha." Kijiko kikinyamaza, kazi imekwisha.

Sasa tuwe wa haki kwa uongozi. Mkuu wa karakana anapopita na kukuta injini inanguruma na fundi amekaa anakunywa chai, aone nini? Ubongo wa gari hauonekani, kikombe kinaonekana. Usiguse akapewa barua ya kwanza ya onyo, kwa uvivu. Baadaye akapewa ya pili, yenye maelezo ya shahidi, karani wa karakana, aliyeandika kwa mwandiko mzuri kwamba "alimkuta mtajwa ameketi, akinywa chai, mbele ya gari linalonguruma." Kila neno lilikuwa kweli, na maelezo yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Baada ya hapo alihamishiwa kwenye matairi, mahali ambapo mtu akikaa anaonekana wazi kuwa anafanya kazi.

Hapo ndipo lilipokuja suala la gari la wagonjwa, miaka sita iliyopita. Lilibadilishwa betri siku ya Jumatatu. Jumanne likaanza kutetemeka na kuzimika. Wataalamu wetu wakabadilisha plagi. Likatetemeka. Wakabadilisha chujio la mafuta. Likatetemeka. Wakashusha pampu, wakasafisha njia ya hewa, wakaagiza kifaa kutoka mbali, wakakifunga, likatetemeka vizuri zaidi.

Ukutani petu kuna kanuni za karakana, na kanuni namba moja, iliyotiwa saini na Mkuu mwenyewe, inasema: kabla ya kazi yoyote, chomoa betri. Ni kanuni nzuri, imeokoa vidole. Basi kila asubuhi wataalamu walichomoa betri kwa utii, wakatengeneza kitu kisichokuwa kibovu, wakarudisha betri, na kulikuta gari limesahau tena. Kwa siku tisa tulitibu ugonjwa ulioletwa na dawa yetu wenyewe. Katika siku hizo tisa hospitali ilibaki na gari moja, na mama mmoja mjamzito alifikishwa wodini kwa lori la mchanga. Alijifungua salama, na dereva wa lori akapewa heshima ya kumpa mtoto jina. Hatukustahili bahati hiyo.

Usiguse aliandika karatasi mbili kueleza tatizo. Ya kwanza ilijibiwa kwamba afuate ngazi. Ya pili aliipitisha kwenye ngazi, na ikakaa kwenye ngazi. Siku ya nane alifumwa amekaa kwenye kigoda mbele ya gari hilo, mbali na matairi yake, kikombe juu ya boneti. Alikuwa amefikisha dakika sita tu Mkuu alipozima injini. Ikaitishwa kamati ya nidhamu, na kila mtu alijua maana ya barua ya tatu: ni kufukuzwa, kwa mtu mwenye miaka ishirini na minane ya kazi.

Kamati ilikutana asubuhi ya Alhamisi, hapo hapo uani, kwa sababu kielelezo cha kosa kilikuwa gari na hakingepita mlangoni. Usiguse hakujitetea. Aliomba jambo moja tu: kabla hawajaandika, gari liwashwe na liachwe dakika ishirini bila mtu kuligusa. Mwenyekiti alikubali, si kwa sababu ya hekima, bali kwa sababu chai ya kikao ilikuwa imefika.

Basi wajumbe saba wakakaa kwenye viti mbele ya gari linalonguruma, saa za kazi, wakinywa chai. Hakuna aliyewaandikia barua. Usiguse aliweka kikombe chake juu ya boneti, kijiko kikaanza kugonga. Dakika ya nane Mkuu aliinuka kwenda kukanyaga mafuta kidogo, kulisaidia, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemwambia akae. Dakika ya kumi Usiguse akawasha kiyoyozi, mngurumo ukashuka, tukadhani gari linazimika. Likajikaza. Dakika ya kumi na saba kijiko kikanyamaza. Ukimya ule sijausahau. Mjumbe mmoja aliuliza kama injini imezimika, akaambiwa aishike boneti, akaishika, akakuta iko hai.

Gari lilitoka mchana ule na halijazimika njia panda hata mara moja. Barua ya tatu haikuandikwa. Wiki iliyofuata ukabandikwa waraka kuhusu "utaratibu mpya uliobuniwa na uongozi" wa kuliacha gari dakika ishirini baada ya kurudisha betri. Jina la Usiguse halikuwemo, pengine kwa sababu ya uhaba wa karatasi.

Barua mbili za mwanzo, hata hivyo, zimebaki kwenye jalada lake hadi leo. Nalijua jalada hilo vizuri, kwa sababu ninalitunza mimi. Yule karani mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Nilijua anachofanya mbele ya boneti, alikuwa ameshanieleza mara mbili, nikaandika kile ambacho Mkuu alitaka kusoma. Tangu siku hiyo Usiguse amepita dirishani kwangu kila asubuhi kuomba kitambaa safi, akiniita ndugu yangu, na hajalitaja jambo hilo hata kwa utani. Ningependelea anitukane. Juzi nimeandika kuyafuta maelezo yangu, barua imepokelewa na kugongwa muhuri, na nakala yake iko ndani ya boksi la ile saa ya ukutani. Nimechelewa sana. Samahani, ndugu yangu.

Neno la mwisho ni kwa mkewe, ambaye wiki iliyopita alinipigia kuuliza, "Sasa huyu mtu nitamweka wapi mchana kutwa?" Shemeji, mumeo anachomolewa kwenye betri aliyoizoea kwa miaka thelathini na minne. Wiki za mwanzo atatetemeka. Ataamka alfajiri bila sababu, atapanga upya vyombo vyako vya jikoni, atanguruma juu, atanguruma chini. Watoto watataka kumtafutia shughuli, majirani watakuja na ushauri. Wazuie wote. Mpe kigoda, mpe chai, kaa naye. Sisi huku tunamwombea afya, usingizi mrefu na siku nyingi za kukaa bila kuandikiwa barua.

Kijiko kikinyamaza, tupigie simu.